Grace Hopper na Matembezi ya Kompaila: Maisha ya Mwalimu wa Tarakilishi

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kusoma wasifu wa washairi, wa waandishi wa riwaya na wa wanaisimu. Ni nadra kukuta katika majarida yetu wasifu wa mwanahisabati. Makala haya yanavuka mpaka huo kwa sababu moja: mtu anayezungumziwa humu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akishughulikia suala la lugha, yaani lugha ambayo binadamu huitumia kuiamuru mashine. Mtu huyo ni Grace Hopper wa Marekani, aliyefariki mwaka 1992.

Makala yana nia mbili. Kwanza, kuyasimulia maisha yake kwa ufupi. Pili, kuonyesha kwamba kazi aliyoianza inaendelea hadi leo katika jambo ambalo wanasayansi wa tarakilishi hulishughulikia mara kwa mara, nalo ni kuusuka upya msimbo unaopitia aina ndani ya kompaila. Istilahi hizi zitaelezwa zitakapofikiwa. Kwa sasa itoshe kusema kwamba kompaila ni programu inayoyasoma maagizo yaliyoandikwa kwa lugha anayoielewa binadamu, ikayageuza kuwa maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza. Kwa maneno mengine, kompaila ni mfasiri.

Kuzaliwa, malezi na masomo

Grace Brewster Murray alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika jiji la New York, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka saba aliifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuirudisha ilivyokuwa, aliifungua ya pili ili aone mfano, kisha ya tatu, hadi saa saba za nyumbani zikawa vipande vipande. Mamaye hakumzuia kabisa. Alimruhusu aendelee, lakini kwa saa moja tu.

Alipoomba nafasi katika Chuo cha Vassar akiwa na umri wa miaka 16 alikataliwa kwa sababu ya alama za chini katika Kilatini. Alingoja mwaka mmoja, akajaribu tena, akakubaliwa. Alihitimu mwaka 1928 katika hisabati na fizikia, akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Yale, ambako alipata shahada ya uzamili mwaka 1930 na ya uzamifu mwaka 1934. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, na ingawa walitalikiana mwaka 1945, jina hilo la ukoo alibaki nalo maisha yake yote. Kuanzia mwaka 1931 alikuwa mwalimu wa hisabati huko Vassar.

Vita na mashine ya Harvard

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimwondoa darasani. Mwaka 1943 alijiunga na kikosi cha akiba cha jeshi la wanamaji la Marekani. Haikuwa rahisi, kwani alikuwa na umri wa miaka 36 na uzani wake haukufikia kiwango kilichowekwa, hata ikabidi apewe ruhusa maalumu. Mwaka 1944, baada ya mafunzo ya uafisa, alitumwa katika Chuo Kikuu cha Harvard kufanya kazi chini ya Howard Aiken katika mashine iliyoitwa Mark I.

Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa takriban mita 15. Iliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde moja, kasi ambayo leo hata simu ya bei nafuu inayouzwa Gikomba ingeicheka. Maagizo yake yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi, tundu baada ya tundu. Hopper alijifunza kuiandikia programu, kisha akatunga mwongozo wake wa kurasa zaidi ya 500 uliochapishwa mwaka 1946.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu kipindi hicho. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa mashine iliyofuata, Mark II, walimkuta nondo amenaswa ndani ya swichi, wakambandika katika daftari la kazi. Watu wengi hudai kwamba siku hiyo ndiyo Hopper alipobuni mtindo wa kuita kosa la mashine mdudu. Ukweli ni kwamba wahandisi walikuwa wakilitumia neno hilo tangu karne ya 19, na aliyempata nondo hakuwa Hopper. Yeye alikuwa msimulizi hodari tu wa kisa hicho.

La muhimu zaidi kwa makala haya ni jambo dogo alilolishuhudia Harvard kila siku. Waandishi wa programu walikuwa na madaftari ambamo waliweka vijiprogramu vilivyokwisha kuthibitishwa, kwa mfano cha kutafuta kipeuo cha pili. Mwenzao akikihitaji, alikinakili kwa mkono. Baadaye, mashine zilipoanza kuyahifadhi maagizo kwa anwani, kazi ilizidi ugumu. Kijiprogramu kilichoandikwa kuanzia anwani sifuri kililazimika kujumlishiwa kiasi fulani katika kila mstari ili kikae mahali pake papya. Hapo ndipo makosa yalipozaliwa. Mmoja alikosea kunakili, mwingine alikosea kujumlisha, na programu nzima ikaharibika. Hopper alihitimisha kwamba binadamu si wa kutegemewa katika kunakili wala katika kujumlisha, ilhali mashine iliyokuwa mbele yao iliundwa kwa kazi hizo hasa.

Kompaila ya kwanza

Mwaka 1949 Hopper alihamia Philadelphia kujiunga na kampuni ya Eckert-Mauchly, iliyokuwa ikiunda tarakilishi ya UNIVAC. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand. UNIVAC ya kwanza ilikabidhiwa idara ya sensa ya Marekani mwaka 1951.

Huko ndiko alikotekeleza wazo lake. Kila kijiprogramu kilipewa nambari na kuwekwa kwenye utepe wa sumaku. Mwandishi wa programu aliorodhesha nambari za vijiprogramu alivyovihitaji, nayo mashine ikavitafuta, ikavinakili, ikazirekebisha anwani na kuiandika programu nzima. Mfumo huo uliitwa A-0, na mwaka 1952 Hopper aliuelezea katika makala yake kuhusu elimu ya tarakilishi. Wataalamu wa leo husema kwamba A-0 ilikuwa karibu zaidi na kiunganishi cha vipande vya programu kuliko kompaila kamili kama tunazozijua. Hata hivyo, jina kompaila lilienea kutokana na kazi hiyo.

Kulikuwa na kikwazo kimoja kilichomsumbua. Mashine iliisoma orodha mara moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ingewezaje kuandika agizo la kuruka kwenda mahali pa mbele ambapo bado hapajajulikana? Hopper alipata jibu katika mpira wa kikapu aliowahi kuucheza chuoni. Sheria za wanawake za wakati huo zilimbana mchezaji asikimbie na mpira, hivyo alimrushia mwenzake, akakimbilia mbele, kisha akarushiwa tena. Kwa mfano huo, kompaila ilirukia kwanza kona iliyotengwa mwishoni mwa kumbukumbu, na mahali halisi palipojulikana, agizo la pili liliandikwa katika kona hiyo kuelekeza huko.

Aina na upitiaji wake

Hadi hapa tumeiona kompaila kama mnakili wa vijiprogramu. Kompaila za baadaye zilipewa wajibu mwingine, nao ni kuzijua aina za vitu vinavyotajwa katika programu. Mwanafunzi wa Kiswahili atalielewa jambo hili upesi kwa kukumbuka ngeli. Tunaposema kitabu kile kizuri kimepotea, nomino ya mwanzo huamua umbo la kila neno linalofuata, na anayesema kitabu yule mzuri amepotea amevunja upatanisho. Vivyo hivyo kompaila huangalia kama nambari inajumlishwa na nambari au na jina la mtu, na panapokosekana upatanisho, huikataa sentensi.

Aina nyingine ni sahili, kama nambari au herufi. Nyingine huundwa na aina zilizo ndani yake. Rekodi ya mfanyakazi, kwa mfano, ina jina, tarehe ya kuajiriwa na mshahara. Jina nalo lina jina la kwanza na la ukoo, tarehe ina siku, mwezi na mwaka. Ukichora utapata mti wenye matawi na vitawi. Ili kompaila ijue rekodi hiyo itachukua nafasi kiasi gani katika kumbukumbu, ni lazima iutembelee mti mzima. Ili ilinganishe rekodi mbili, iutembelee tena. Ili imwandikie mtumiaji ujumbe wa kosa unaoitaja aina hiyo, iutembelee mara nyingine. Matembezi hayo ndiyo yanayoitwa upitiaji wa aina.

Tuchukue mfano ulio karibu na wasomaji wa Nairobi. Mtaa wa Buruburu katika Eastlands ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970. Kila awamu ina makundi ya nyumba ambayo wakazi huyaita korti. Tufikirie watu wanne wanaouzunguka mtaa huo: msomaji wa mita za stima, msomaji wa mita za maji, mhesabu wa sensa na msambazaji wa magazeti. Kila mmoja amejichorea ramani yake. Jinsi tujuavyo, wenye nyumba wengi wa Buruburu wameongeza vyumba na nyumba mpya katika viwanja vyao. Kila nyongeza inapojengwa, ramani zote nne zinahitaji kusahihishwa. Mmoja akisahau, hakuna kelele itakayopigwa siku hiyo. Kosa litajitokeza baadaye, pale mpangaji wa nyumba ya nyuma atakapogundua kwamba hakuhesabiwa.

Hali huwa hiyo hiyo katika kompaila iliyokua bila mpango. Kazi ya kupima ukubwa ina matembezi yake, ya kulinganisha ina yake, ya kuandika ujumbe ina yake, na zote zinarudia orodha ile ile ya aina. Mwandishi akiongeza aina mpya, lazima aikumbuke kila sehemu. Kuusuka upya msimbo ni kuyatoa matembezi yaliyorudiwa, kuyaandika mara moja mahali pamoja, kisha kuipa kila kazi nafasi ya kusema tu kile inachotaka kifanyike katika kila kituo. Ramani inakuwa moja, na wanaoitumia ni wengi. Kwa mtumiaji wa kompaila hakuna kinachobadilika: programu zilizokubaliwa jana hukubaliwa leo, na zilizokataliwa hukataliwa.

Pamoja na hayo, kazi hii ina mitego mitatu. Wa kwanza ni mpangilio. Anayepima ukubwa lazima aanze na vitawi ndipo ajue ukubwa wa shina, ilhali anayeandika jina la aina huanza na shina. Wa pili ni mahali pa kukomea. Anayelinganisha rekodi mbili hana haja ya kuendelea baada ya kuona tofauti ya kwanza, na ramani ya pamoja isiyomruhusu kukoma humchosha bure. Wa tatu ni mzunguko. Kuna aina zinazojitaja zenyewe, mfano orodha ambayo kila kiungo chake huelekeza kwenye orodha nyingine ya aina hiyo hiyo. Msafiri asiyeweka alama mahali alipokwisha kupita atazunguka korti moja milele. Ndiyo maana wasukaji wenye busara huenda hatua ndogo ndogo, na baada ya kila hatua huyaendesha majaribio waliyoyaandaa ili wahakikishe kwamba matokeo ni yale yale.

Ukilitazama kwa makini, utaona kwamba hili ni lile tatizo la madaftari ya Harvard likiwa limevaa nguo mpya. Kinachonakiliwa kwa mkono mahali pengi hukosewa mahali fulani.

Lugha ya watu

Baada ya A-0, Hopper aligeukia suala la maneno. Aliwaona watu wa biashara ambao hawakuwa na raha na alama za hisabati lakini walijieleza vyema kwa maneno. Alipendekeza waandikie mashine kwa maneno, naye akaambiwa kwamba haiwezekani, kwa kuwa tarakilishi haielewi lugha. Hoja yake ilikuwa kwamba mashine haihitaji kuelewa. Inahitaji kulitambua neno kama mpangilio wa herufi na kulihusisha na kazi fulani.

Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, katika miaka ya 1950 aliandaa mfano mdogo wa kompaila ya maneno ya Kiingereza. Ili kuwathibitishia wakubwa wake kwamba maneno ni vazi tu, aliyabadilisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani, na programu ikatoa matokeo yale yale. Badala ya kufurahi, wakubwa walishtuka. Hawakuweza kukubali kwamba tarakilishi iliyoundwa Philadelphia ingefuata maagizo ya Kifaransa au ya Kijerumani. Ilimchukua miezi kadhaa kuwatuliza, na ikabidi aahidi kwamba angetumia Kiingereza peke yake.

Lugha iliyotokana na juhudi hizo iliitwa FLOW-MATIC. Mojawapo ya sifa zake kuu ilikuwa kuyatenga maelezo ya data na maagizo ya kazi, utengano ambao ulirithiwa na lugha ya COBOL. Mnamo Mei 1959 wawakilishi wa serikali, watumiaji na watengenezaji wa tarakilishi walikutana Pentagon kuanzisha lugha moja ya biashara. Hopper alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC ikawa msingi mkubwa wa kazi hiyo. Haki inatudai tutaje kwamba COBOL iliandikwa na kamati, na wanawake kama Mary Hawes, Jean Sammet na Betty Holberton walikuwa na mchango wao. Desemba 1960 programu za COBOL ziliendeshwa katika mashine za kampuni mbili zilizokuwa mahasimu, Remington Rand na RCA, kwa mabadiliko machache tu. COBOL ingali inatumika leo katika mifumo ya benki na ya serikali sehemu nyingi za dunia.

Miaka ya mwisho

Mwishoni mwa mwaka 1966 jeshi lilimstaafisha kwa sababu ya umri. Mnamo Agosti 1967 lilimwita tena kwa miezi sita, na miezi hiyo ikawa miaka 19. Kila mtengenezaji wa tarakilishi alikuwa ameanza kuwa na COBOL yake, na kazi ya Hopper ilikuwa kuzirudisha kwenye kawaida moja. Kikosi chake kiliandaa majaribio ya kuipima kila kompaila iliyodai kuwa ya COBOL. Kwa wasukaji wa msimbo wa leo, hiyo ni hatua wanayoifahamu vizuri: bila majaribio, hakuna awezaye kuapa kwamba alichokipanga upya kimebaki kilivyokuwa.

Katika mihadhara yake aliwagawia wasikilizaji vipande vya waya vyenye urefu wa takriban sentimita 30, huo ukiwa umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika nanosekunde moja. Ofisini alikuwa na saa iliyokwenda kinyume, ili kumkumbusha kila mgeni kwamba mazoea si hoja. Alistaafu kwa mara ya mwisho tarehe 14 Agosti 1986 akiwa admirali, na umri wa miaka 79. Alifariki tarehe 1 Januari 1992 akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Mwaka 2016 Rais Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, alimtunukia Nishani ya Uhuru ya Rais, miaka 24 baada ya kifo chake.

Hitimisho

Maisha haya yanatuhusu vipi sisi tunaosoma Kiswahili? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu maneno yanayoonekana na mtumiaji yalikuwa yametengwa na msimbo unaotenda kazi. Wafasiri waliyagusa maneno bila kuigusa mitambo. Pale ambapo maneno na mitambo vimechanganywa, lugha kama yetu hufungiwa nje, hata kama hakuna aliyekusudia kuifungia.

Lakini kulivua vazi la Kiingereza na kuvaa la Kiswahili kuna ugumu ambao mfano wa Hopper haukuuonyesha. Kitenzi cha amri cha Kiingereza hubaki vile vile bila kujali kinachoamriwa. Chetu hubadilika: rekodi isome, jina lisome, vitabu visome. Kompaila ya Kiswahili itakayotaka kuzungumza kama tunavyozungumza italazimika kuijua ngeli ya kila kitu kilichotajwa, na kuipitia kama inavyoipitia aina. Sheng, iliyozaliwa Eastlands, inatupa dokezo muhimu. Vijana wa Kaloleni na Buruburu hubadili mashina ya maneno kila baada ya miaka michache, wakiyatoa katika Kiingereza, Kikuyu, Kijaluo na kwingineko, na bado viambishi vya Kiswahili vinaendelea kubeba mzigo mkubwa wa sarufi. Shina ni la kubadilishwa, na mfumo wa upatanisho ndio wa kuelezwa kwa uangalifu, mara moja, mahali pamoja.

Maelezo hayo hayatatoka kwa mhandisi wa Philadelphia. Yatatoka kwa anayezijua ngeli na aliye tayari kuketi na mwandishi wa programu ili waelewane. Wahandisi wetu wapo, na wanaisimu wetu wapo. Kilichobaki ni kukutana.